Pamba Ndani ya Tangi la Trekta

Siku niliyopoteza kifuniko cha tangi naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu analijua hilo na amekwisha kunisamehe. Harusi ilikuwa na watu wengi na mambo mengi. Kifuniko kilikuwa kimoja tu, cha bati, ukubwa wa kiganja, na mimi mwenyewe ndiye niliyekiweka juu ya madigadi ya trekta, nikapanda, nikaondoka.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu nimesikia umepewa mashine. Vijana wengi wa hapa Bariadi siku hizi mnaendesha mashine za kuchimba malambo, mitaro na misingi ya nyumba, na mimi nikipita barabarani husimama kuwatazama mpaka watu wa nyumbani wanatuma mtu kunitafuta. Kazi mnaijua. Mashine ikigoma mnatoa simu mfukoni, mnatazama video ya mtu wa mbali akifungua mashine kama yenu. Ni jambo jema, sisi hatukuwa nalo. Lakini mtu wa kwenye video hawezi kukuuliza swali. Mimi niliulizwa swali moja, nikalijibu uongo, na uongo ule ukala maksai wa mtu.

Trekta lilikuwa la Mama Kabula, jirani yetu kijijini, upande wa kuelekea Maswa. Alikuwa mjane, mkulima wa pamba, mtu wa kanisa, na sauti yake ilisikika mpaka shamba la tatu. Kampuni moja ya barabara ilipomaliza kazi na kuuza vyombo vyake vilivyochoka, yeye akanunua trekta kuukuu lenye mkono wa kuchimba nyuma. Watu walicheka sana. Wakauliza huyu mama anataka kuchimba nini. Akawaambia kwamba wanaocheka atawaona baadaye wakija na madumu kuchota maji.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani, kichwa kimejaa fizikia ya kwenye karatasi. Akaja kwetu asubuhi, tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka kwa mwangaluka, akamwambia mama yangu, "Huyu wako anakula bure. Nipe nimfundishe kula kwa jasho." Ndivyo nilivyokuwa dereva.

Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa lambo la kijiji. Lilikuwa limejaa tope la miaka mingi, likabaki kama sahani, na kila kiangazi ng'ombe walifika pale wakalamba udongo, kisha wakapelekwa mbali sana kutafuta maji. Wazee wakakubaliana lichimbwe upya, na lazima likamilike kabla ya mvua. Mvua zikitangulia, maji yangejaa kwenye sahani ileile na ng'ombe wangeteseka mwaka mwingine mzima. Kijiji kilimwamini Mama Kabula. Mama Kabula aliniamini mimi.

Nikueleze kidogo, kwa ajili ya wale watakaosoma na hawajawahi kukaa kwenye kiti kile. Mkono wa kuchimba unanyanyuliwa na mafuta. Pampu inayavuta mafuta kutoka kwenye tangi, inayasukuma kwa nguvu ndani ya mipira mpaka kwenye silinda, na silinda ndiyo inayosukuma mkono. Chini ya tangi, mahali mafuta yanapotokea kwenda kwenye pampu, kuna chujio la wavu la kuzuia uchafu. Chujio likiziba, pampu inavuta bila kupata, na mkono unakosa nguvu. Basi, ni hilo tu. Mengine yote unayajua.

Siku ya kifuniko niliongeza mafuta kwenye tangi hilo, kifuniko nikakiweka juu ya madigadi, na mawazo yangu yakaenda Binza, kule Maswa, kwa msichana anayeitwa Minza ambaye nilikuwa nataka kumposa. Nilipokumbuka kifuniko nilikuwa nimekwisha kuvuka mashamba matatu. Nikarudi, nikatafuta, hakuna. Tangi liko wazi, vumbi la mbuga linapepea, nami naogopa mdomo wa Mama Kabula.

Kwetu sisi wakulima wa pamba, mwanangu, pamba ni kizibo cha kila kitu. Kibuyu cha maziwa kikipoteza kizibo, pamba. Chupa ya mafuta ya taa, pamba. Sikio likiuma, pamba. Mtoto akitoka damu puani, pamba. Mkono wangu ulienda wenyewe. Nilipita kwenye ghala la Mama Kabula, nikachota konzi nzuri ya pamba, nikaishindilia kwenye mdomo wa tangi, na nikajiona fundi.

Baada ya siku chache nikakiona kifuniko kwenye tuta, kinang'aa kwa jua. Nilifurahi kama niliyeokota ng'ombe. Nikaenda kuvuta ile pamba niiondoe. Ikatoka nusu. Nusu nyingine ilikwisha kudidimia kidogo kidogo kwa mtikisiko, na wavu mdogo unaokaa mdomoni mwa tangi ulikuwa umetoboka zamani. Nikachungulia, giza. Nikajiambia pamba ni kitu laini, itafanya nini kwenye mashine ya chuma? Nikafunga kifuniko, nikafunga na mdomo wangu.

Mashine ikaanza kuchoka. Asubuhi inachimba vizuri kabisa, inang'oa tope kama inakata ugali. Jua likipanda, mkono unakuwa mzito, pampu inaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa mbali na mwanawe, mwisho bakuli la kuchimbia linagusa udongo na kukaa hapohapo. Tukiipumzisha mpaka kesho yake, inaamka na nguvu zake. Leo naelewa sababu. Mashine ikilala, pamba ilikuwa inaachia chujio na kuelea. Ikifanya kazi, inavutwa tena inajibandika. Lakini wakati ule nilichoelewa ni kimoja tu, kwamba sikutaka kuulizwa.

Watu waliokuja kutazama kazi wakaanza kusema yao. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, aliyeshika mila za zamani, akazunguka lambo akiegemea fimbo yake, akasema, "Lambo limekataa. Mmechimba bila kuwaambia wenye mahali."

Mama Kabula akamjibu, "Baba, wenye mahali wangekataa tangu asubuhi. Hawa wanangoja jua lipande ndipo wakatae?"

Watu wakacheka, lakini wengine wakatikisa vichwa kwa upande wa mzee. Na mimi, mwanangu, mimi niliyesoma fizikia, niliyejua presha ni nini na kuiandikia mtihani, nikatikisa kichwa pamoja nao, tena kwa uzito wa mtu mzima. Nikasema kwa sauti ya heshima, "Mambo ya wazee tusiyadharau." Mambo ya wazee yalinifaa sana siku ile. Mizimu haikunitaja jina.

Mama Kabula akanyoosha mikono. "Haya, mwageni pombe yenu. Mimi nitasali rozari yangu." Akanigeukia. "Na wewe Masunga uangalie mafuta."

Pombe ya mtama ikaletwa, ikamwagwa kidogo ukingoni, nyingi ikanywewa. Kesho yake asubuhi mashine ikachimba kwa nguvu za ajabu. Vigelegele! Mzee akasimama kifua mbele, akapokea pongezi kama aliyeozesha binti. Mama Kabula mwenyewe akakuna kichwa. Jua likapanda. Mbuzi akaanza kulia ndani ya pampu. Mzee akachukua fimbo yake akaondoka taratibu, bila kuaga.

Ndipo Mama Kabula akamwita fundi kutoka Binza. Alikuwa anaitwa Maduhu, na nilipomwona akishuka kwenye pikipiki yake nikajifanya nafuta kiti, kwa sababu Maduhu alikuwa kaka yake Minza. Fundi hodari, mwenye maneno mengi kuliko spana, na tayari alikuwa ananiita shemeji kwa kunitania, kabla hata sijapeleka mtu kwao.

"Shemeji!" akapiga kelele akiwa bado mbali, akilinyooshea trekta kidole. "Umemfanya nini huyu mke wa watu?"

"Imechoka tu, shemeji."

"Imechoka? Wewe uliyekalia kiti hujachoka, imechoka yenyewe?"

Akaanza kazi. Akapima mafuta, yako ya kutosha. Akapapasa mipira yote, hakuna inayovuja. Akavuta liva moja baada ya nyingine, mkono, bakuli, hata ile miguu ya pembeni ya kuegemea, vyote vinyonge sawasawa. Akasema kama anajisemea, "Ingekuwa silinda moja, zingine zingefanya kazi. Hapa ugonjwa uko kwenye chanzo." Akafunga geji yake ya presha, akatazama, akaguna.

Kisha akageuka akanitazama. "Chujio la kwenye tangi nililiweka mimi mwenyewe, jipya, si zamani. Kulifikia lazima tumwage mafuta yote, na mafuta yenyewe unajua yanatoka mbali. Kwa hiyo niambie kweli. Tangi hili limewahi kukaa wazi? Kuna kitu chochote umegusa, umetia, umetoa?"

Hilo ndilo swali, mwanangu. Lilikuwa jepesi. Mama Kabula amesimama palepale na kanga yake begani. Watu wamezunguka. Na mimi nikaona jinsi Maduhu atakavyofika Binza na kusimulia jikoni kwao kwamba yule kijana anayemtaka Minza ni mtu wa kupoteza vifuniko na kuziba tangi kwa pamba kama kibuyu cha bibi.

Nikasema, "Hapana, shemeji. Sijagusa kitu."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa mtani wangu, na angeweza kunibana, lakini kwenye kazi aliniamini. Akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia Mama Kabula kwa heshima ya mama, "Mayu, kama tangi ni safi, basi pampu imekufa. Itabidi ununue nyingine."

Mama Kabula hakuwa na cha kununulia pampu ila maksai wake wawili wa kulimia. Mmoja aliitwa Meneja, mwingine Karani. Majina hayo aliwapa mwenyewe, kwa sababu Meneja alipenda kusimama akitazama, na Karani ndiye aliyevuta jembe. Aliwaza sana. Mwisho akasema lambo ni la watu wote na ameshawaahidi, shamba lake ataona namna. Siku ya mnada ikafika, akaniambia nimsaidie kuwaswaga.

Tulitembea asubuhi nzima, yeye mbele na mwavuli wake, mimi nyuma na fimbo. Njiani nilifungua mdomo mara kadhaa. Kila nilipoufungua yeye alikuwa anamsalimia mtu, au anamkaripia Meneja kwa kula mahindi ya watu, na mimi nashukuru kupata kisingizio.

Mnadani mfanyabiashara akamzunguka Karani, akamshika nundu, akamtazama meno, akampenda. Wakakubaliana. Karani akapigwa alama ya rangi mgongoni, akapelekwa kwenye kundi la wengine wanaosubiri lori. Alikwenda kwa utulivu, kama alivyokwenda kwenye kila kazi. Halafu Meneja, ambaye hakuwahi kujali kitu chochote maishani mwake, akainua kichwa akalia, akavuta kamba kumfuata mwenzake mpaka akaniburuta vumbini.

Nikainuka nikasema, "Mayu, usimuuze huyu."

"Nisimuuze nini? Nimekuja kutembea?"

"Nadhani pampu haijafa."

Akashusha mwavuli. "Wewe umejuaje?"

"Niliziba tangi kwa pamba. Kifuniko kilikuwa kimepotea. Nusu ya pamba ilizama ndani."

"Na Maduhu alipokuuliza?"

"Nilisema hapana."

Hakunipiga, hakupiga kelele. Alikimbia, mama mtu mzima yule, akamfuata mfanyabiashara akambembeleza amrudishie Karani, apokee hela zake. Yule bwana akakataa kwa adabu. "Mama, kama ningekuwa mimi nimejuta, wewe ungenirudishia?" Lori likaja, likapakia.

Tulirudi na Meneja peke yake. Tulipofika, akamfunga Meneja, akampa maji, akakaa kwenye kigoda. Ndipo akaniambia maneno ninayokupa leo kama alivyoyasema.

"Masunga, mimi nimelea watoto. Nimevunjiwa vyungu, nimepotezewa majembe, nimepotezewa hata mbuzi. Ungeniambia umepoteza kifuniko, ningekugombeza mpaka jioni, halafu tungekula ugali yakaisha. Karani nitamrudishaje kwa kukugombeza? Kesho utamwambia Maduhu wewe mwenyewe, pale lamboni, mbele ya watu. Mimi sitakusemea."

Kesho yake nikasimama pale. Nikasema yote, tangu kifuniko mpaka mnada. Maduhu akanitazama bila utani wowote usoni, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Umenifanya mimi nimwambie mama wa watu auze ng'ombe," akasema. "Kwa mdomo wangu."

"Ndiyo, shemeji. Nisamehe."

Maduhu akaita mabeseni. Wanawake wakaleta mabeseni, ndoo, hata sufuria, tukamwaga mafuta yote, naye akaingiza mkono akafungua chujio akalitoa. Watu wakasogea. Chujio lilikuwa limevaa sweta, mwanangu! Pamba imelizunguka pande zote, nyeusi, nene, imesokotwa na mafuta kama imefumwa kwa sindano. Maduhu akaliinua juu lionekane, na nikaona mdomo wake unaanza kumshinda.

"Wenzako wanavuna shambani," akasema, "wewe umevuna tangini! Hii ni pamba ya daraja la kwanza au la pili?"

Lambo zima likacheka. Yule mzee wa mila, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akauliza kwa sauti kama pombe yake itarudishwa. Mama Kabula naye akacheka, ingawa alifuta macho kwa pembe ya kanga, na sikujua anafuta machozi ya namna gani.

Tuliosha tangi kwa dizeli, tukatia chujio jipya, tukachuja mafuta kabla ya kuyarudisha. Mtu mmoja alileta pamba ya kuchujia, Maduhu akamfukuza kwa spana. Akazichezesha liva polepole mpaka hewa ikatoka. Kisha akaniambia, "Panda." Nikavuta liva, mkono ukainuka juu, mwepesi kama wa mtu anayeomba ruhusa darasani, na jua likiwa utosini.

Lambo tulilimaliza kabla ya mvua. Lilijaa mpaka ukingoni, na kiangazi kilichofuata ng'ombe wa kijiji hawakwenda mbali. Minza nilimwoa, na mpaka leo shemeji zangu wakija hunitania kwa kuniuliza bei ya pamba. Lakini msimu ule Mama Kabula alichelewa kulima. Meneja hakuna aliyeweza kumfunga nira na maksai mgeni. Alilala chini kila alipofungwa. Nilimlimia mama yule kwa jembe la mkono, mimi na mikono yangu, kila nilipopata nafasi, na bado pamba yake ilitoka fupi na chache. Hakunifukuza kazi. Hakulitaja tena jina la Karani mbele yangu. Mara moja tu nilimwona amesimama zizini ameshika nira, anaitazama nafasi ya upande wa pili, nikageuza njia. Ningeungama uongo wangu asubuhi ile ya mnada tukiwa bado barabarani, nafasi ile isingekuwa tupu.

Basi haya ndiyo ninayokuusia, mwanangu. Mashine ikipoteza nguvu, kabla hujamlaumu muuza mafuta, wala pampu, wala mizimu, jiulize mikono yako iligusa nini mara ya mwisho. Anza hapo. Ukiona ni wewe, sema siku hiyohiyo, kwa mwenye mashine na kwa fundi, hata kama fundi ni shemeji yako na atakucheka mpaka kwao. Fundi anatafuta ugonjwa kwa kufuata maneno yako. Ukimdanganya, unamtuma njia ya mbali, na wa kulipa nauli ni mtu asiye na kosa. Aibu ya kifuniko ni ya siku moja. Usiikuze kwa kuificha. Na ukiwa mkubwa wa kazi, kijana wako akija kukuambia amekosea, mgombeze kiasi, kisha mpe chakula, ili kesho asiogope kuja tena.

Mungu akupe mwenye mashine mkali wa mdomo na mwepesi wa kusamehe, kama niliyepewa mimi. Akupe mafundi wa kukucheka usoni, si nyuma ya mgongo. Malambo utakayochimba yajae, wanyama na watu wanywe. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akufungue mdomo mapema, wakati ng'ombe wa watu bado wamo zizini.